Bukari Si Chakula cha Haya

Mwaka uliopita tulialikwa kwenye karamu hapa Dilolo. Kijana wa jirani alikuwa amepata diplomi ya Taifa, na wazazi wake, watu wema kabisa, walitoa akiba yao yote ili kumshukuru Mungu. Kwenye meza ya wageni wa heshima waliweka spageti nyekundu ya tomati, mayoneze na kuku wa kukaanga. Bukari haikuonekana. Tulipouliza kwa sauti ya chini, kijana mmoja mwenye tai alitujibu: "Mwalimu, bukari iko, lakini iko ku kikoni. Ile njo ya bazee ba ku muji. Hapa tunapokea bageni."

Basi tukala spageti. Saa moja haijaisha, wageni wa heshima wakaanza kupotea mmoja mmoja. Huyu anasema anaenda kumsalimia mama mwenye nyumba, yule anatafuta maji ya kunywa. Tuliwakuta wote nyuma ya nyumba, wamezunguka sinia la bukari ya mihogo, sombe na samaki wakavu, tai zimetupwa begani, wanakula haraka-haraka kama wezi.

Tulicheka, na hata sisi tulinawa mikono. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilituisha. Kwa nini watu wazima, wenye masomo, wajifiche kula chakula kilichowalea? Nani alitufundisha kwamba chakula cha mgeni ni kile ambacho hata sisi wenyewe hatukishibi? Makala hii ni jibu letu. Tutasema wazi, na mwenye kuumia atusamehe.

1. Wenye spageti wanakula nini?

Hatuna ugomvi na spageti. Ni chakula kizuri, na mtoto anayekipenda hana kosa. Ugomvi wetu ni na wale wanaokiweka mezani kama cheti cha ustaarabu bila kuwajua wenyewe walio nacho.

Waitalia wa kaskazini, watu wa Veneto na Lombardia, kwa karne nyingi hawakuishi kwa spageti. Waliishi kwa polenta. Polenta ni nini? Chemsha maji, tia chumvi, mwaga unga wa mahindi kidogo-kidogo, koroga kwa mti bila kuchoka mpaka ishikane na kuachana na chungu. Kisha uipindue juu ya ubao, na watu wa nyumba waizunguke. Mama yeyote wa Dilolo akisoma hivyo atasema: "Lakini hii si bukari?" Ndiyo, mama, ni ndugu yake. Tofauti kubwa ni kwamba wao wanaikoroga karibu saa nzima, na ikipoa kidogo wengine wanaikata kwa uzi.

Na chombo chake je? Kinaitwa paiolo. Ni chungu kipana cha shaba kilichoning'inizwa kwa mnyororo juu ya moto. Shaba, ndugu wasomaji! Hata jibini yao maarufu, ile ya Parma, mpaka leo maziwa yake yanapashwa moto ndani ya mapipa ya shaba. Hatusemi shaba ile ilitoka kwetu, hatuna ushahidi. Tunasema tu kwamba tangu 1931, reli ya Benguela ilipounganishwa na ile ya Katanga, shaba ya inchi yetu ilianza kupita hapa Dilolo kuelekea bahari ya Lobito. Babu zetu nao walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la msalaba miaka mingi kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Kuna watu mbali huko wanaoitumia shaba kupikia bukari yao na kujivunia. Sisi tunaokaa juu ya shaba tunaificha bukari jikoni.

Na Waitalia wanajua kulinda. Jibini ile ya Parma ina sheria zake: maziwa ya sehemu gani, chombo gani, ikae kwa uchache miezi 12. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata neno "Parmesan" halitumiki ovyo juu ya jibini nyingine. Jina tu linapelekwa mahakamani! Sisi majina ya vyakula vyetu yanakufa kila mwaka pamoja na wakambo wetu, na hakuna anayelia.

2. "Lakini mihogo si ya asili"

Wasomi wetu wana jibu tayari. Wanatuambia: "Mwalimu, unasema tradisioni, lakini mihogo na mahindi vilitoka Amerika. Wareno njo balileta. Basi tradisioni iko wapi?"

Ni kweli vilitoka Amerika. Na tomati ya Waitalia ilitoka wapi? Amerika ile ile. Mahindi ya polenta? Amerika. Waitalia waliyaita mahindi "nafaka ya Kituruki", maana hata hawakujua vizuri yalikotoka. Kabla yake polenta yao ilikuwa ya uwele na ya njugu za miti, sawa na vile babu zetu walivyosonga bukari ya mtama na uwele. Hakuna Mwitalia anayeona haya kusema tomati ni yake. Mbegu ni mgeni, lakini kazi ya mikono iliyoifanya iwe chakula ni ya mwenyeji. Mihogo ilipofika katika inchi za Mwata Yamvo, watu walijifunza kuilima, kuiondoa sumu, kuikausha, kuitwanga na kuila na mboga inayofaa. Kazi hiyo ndiyo tradisioni. Mtu anayetaka mbegu isiyosafiri atalala njaa, Roma na Dilolo vilevile.

3. Vitu vyetu na kazi yake

Kwa kuwa vitu hivi havielezwi popote, tuvieleze hapa, ingawa kwa ufupi.

Mihogo iko ya aina mbili, mitamu na michungu. Mitamu unaweza kuila ya kuchemsha au mbichi shambani. Michungu inazaa sana, inavumilia udongo maskini, na wanyama hawaipendi, ndiyo maana wazee waliipanda. Lakini ina sumu. Inaloweshwa majini siku tatu au nne mpaka ilegee, inamenywa, inaanikwa juani, inatwangwa, inachekechwa. Unga wake ni mweupe sana, na bukari yake inavutika. Wengine wanachanganya na unga wa mahindi ili ipate nguvu.

Sombe ni majani ya mihogo hiyo hiyo. Yanatwangwa mpaka yawe laini, yanachemshwa muda mrefu, kisha yanatiwa mawese au karanga. Kutwanga na kuchemsha si kwa ajili ya utamu peke yake: majani nayo yana sumu, na kazi hiyo ndiyo inayoitoa. Mwenye kutaka sombe ya dakika kumi anajidanganya.

Matamba ni majani ya viazi vitamu, na lengalenga ni mchicha wetu. Vinkubala ni viwavi vya porini vinavyokaushwa. Vijana wanavicheka, lakini karibu nusu ya uzito wake mkavu, au zaidi, ni protini. Samaki wakavu na dagaa, tunaowaita kapenta, wanafanya kazi hiyo hiyo. Karanga pia. Hivi si vitu vya kupamba sahani. Mihogo peke yake inajaza tumbo bila kujenga mwili, na wazee walijua kwamba bukari bila kitoweo ni shibe ya uongo.

Zamani chumvi ilitolewa katika majivu ya majani ya mtoni: majivu yanachujwa kwa maji, maji yanachemshwa mpaka yakauke. Asali nayo ilikuwa mali. Wachokwe waliijua mizinga kuliko watu wengi, na katika karne ya 19 nta yao ilibebwa mpaka pwani ya Angola kuuzwa. Leo tunakimbilia kube ya dukani kwa kila chungu, hata kwa mboga yenye utamu wake, halafu tunalalamika kwamba watoto hawatambui ladha ya karanga.

Tuje kwenye vyombo. Kinu na mchi vinatwanga. Lungo linapeta, yaani linatenga pumba na unga. Chungu cha udongo, kazi ya mikono ya akina mama, kinashika moto polepole na kukaa nao, kwa hiyo kinafaa kwa maharagwe na sombe. Mwiko ni wa kusongea, na mti wake unachaguliwa, maana mti mbaya unaacha uchungu. Mbabula inaweka makala. Kibuyu kinatunza maji na pombe. Kila chombo kina sababu, sawa na paiolo.

Sisi hatusemi watu watupe sufuria. Sufuria ni nyepesi, haivunjiki, na mama mwenye watoto sita hana muda wa kubembeleza udongo. Lakini kuna sufuria na sufuria. Zile zinazoyeyushwa uani kutoka vyuma chakavu, hakuna ajuaye vilivyochanganywa ndani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo kule Kamerun ulikuta zinatoa risasi katika chakula, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Basi anayecheka chungu cha nkambo, aangalie kwanza anachopikia yeye.

4. Usiku mmoja

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Siku moja tuliwaomba wanafunzi wetu wa mwaka wa nne waandike namna ya kupika chakula wanachokijua. Wengi waliandika spageti na omeleti, vizuri kabisa, na vipimo. Tukawaomba waandike namna ya kutengeneza unga wa mihogo. Kalamu zilisimama. Waliojaribu walikuwa wachache, na mmoja, kijana mwenye akili, aliandika: "Unaloweka mihogo usiku moja, inatosha."

Usiku mmoja! Ndugu wasomaji, kosa hilo si la sarufi.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli, mwenye jina la Kiitalia, aliyeongoza utumishi wa afya wa Kongo ya Wabelgiji, alitoa maandiko juu ya ugonjwa wa ajabu wa Kwango. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, hatembei tena kama zamani. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Unawapata hasa watoto na mama wenye umri wa kuzaa, na hauponi. Miaka mingi ilipita kabla sababu haijafahamika vizuri: mihogo michungu isiyoloweshwa ya kutosha, ikiliwa siku kwa siku bila kitoweo chenye protini. Wachunguzi waliofanya kazi Bandundu waliona jambo la kusikitisha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, biashara ya mihogo ilikuwa na haraka, na watu walipunguza siku za kulowesha kutoka tatu mpaka moja. Mihogo ilibaki ile ile, na mto ulikuwa ule ule. Kilichokatwa ni siku mbili za nkambo.

Waitalia nao walilipa. Walipopokea mahindi kutoka Amerika walichukua mbegu, wakaacha maarifa. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakichemsha mahindi kwa chokaa, jambo linalofungua vitamini iliyofichwa ndani ya punje. Wakulima maskini wa Lombardia na Veneto walikula polenta tupu asubuhi na jioni, na ngozi zao zikaanza kupasuka, tumbo likaharibika, akili ikachafuka. Mwaka 1771 daktari Frapolli wa Milano aliandika juu ya ugonjwa huo kwa jina la pelagra, yaani ngozi kali. Watu wengi walikufa kabla wataalamu hawajaelewa, na vitamini yenyewe ilitambuliwa mwaka 1937 tu.

Basi tunawajibu wale wanaosema kwamba kueleza kinu na lungo ni ngoma za watalii. Maelezo ya chakula ni dawa ya kinga. Kinachodharauliwa hakielezwi, na kisichoelezwa kinapunguzwa kidogo-kidogo, leo siku moja, kesho siku nyingine, mpaka miguu ya mtoto inafungwa.

Tena kuna njaa. Katika miji ya shaba, bukari ya mahindi ilizoeleka sana kwa sababu ya posho ya kampuni, na mpaka leo unga mwingi unatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoikausha Zambia na serikali yake ikatangaza balaa la taifa, kila mtu wa Kolwezi alijifunza upya maana ya kutegemea lori la mpakani. Mihogo iko hapa, ardhini, inangoja. Lakini mtu aliyefundishwa kuiona haya, hata ikiwa nyuma ya nyumba yake, hataijua kazi yake siku ya shida.

5. Nani aandike?

Mwaka 1854 Livingstone alipita karibu na ziwa Dilolo, ambalo leo liko ng'ambo, Angola. Katika kitabu chake cha 1857 alieleza mihogo ya Walunda: aina mbili, moja yenye sumu, inayoloweshwa siku nne, inayomenywa, inayoanikwa na kutwangwa. Alieleza hata namna mmoja anavyokishika chungu na mwenzake anasonga kwa nguvu zote. Ladha haikumpendeza, na hiyo ni haki ya mgeni. Lakini aliandika! Mpita njia mwenye homa aliandika namna ya kutengeneza unga wetu, na sisi wenye viti, kaye na diplomi, hatujaandika ukurasa mmoja wa kumpa mtoto wa kilasi.

Watatuambia: "Tunangoja wizara." Basi wamsikie mfanyabiashara mmoja wa hariri aliyeitwa Pellegrino Artusi. Inchi yake ilikuwa imeunganishwa mwaka 1861 tu, na kila mkoa ulipika na kusema kwa namna yake. Alikusanya mapishi ya nyumbani. Wachapishaji walimkataa, naye mwaka 1891 akachapa kitabu kwa pesa yake. Akina mama wakaanza kumwandikia barua na kumpa mapishi mengine, na kitabu kilichoanza na mapishi 475 kikafika 790. Hakuwa waziri, wala hakuwa mpishi. Alisikiliza, na aliwaheshimu wenye mwiko.

Tena tuangalie jirani. Mwezi wa Desemba 2017, katika mkutano wa UNESCO kule Korea ya Kusini, ufundi wa wapika pitsa wa Napoli uliandikwa katika urithi wa binadamu. Na katika mkutano huo huo iliandikwa nsima ya Malawi. Nsima ni nini? Ni bukari! Wamalawi hawakuificha jikoni. Waliipeleka mbele ya mataifa pamoja na kinu chake, na mataifa yalikubali. Sisi Wakongo tulishangilia rumba ilipoandikwa mwaka 2021, na ilistahili. Lakini mtu hachezi rumba na njaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hayahitaji mfadhili.

La kwanza, kila mwalimu wa Dilolo, Kasaji na Sandoa awape wanafunzi kazi ya likizo: keti na nkambo wako, andika chakula kimoja kwa jina lake la Kiruund, la Kichokwe au la Kilwena, kisha kwa Kiswahili. Andika vitu, vyombo, siku, saa, na sababu. Hasa sababu. Usikubali jibu la "ni desturi tu". Uliza tena.

La pili, wanaofundisha masomo ya nyumbani wasiishie kwenye vitabu vya mchuzi mweupe wa maziwa na siagi, vitu ambavyo mtoto hatavipata hata sokoni. Siku tatu za kulowesha mihogo ziingie kwenye mtihani.

La tatu ni letu sote. Siku ya karamu, bukari iwekwe kwenye meza ya mbele, ndani ya sinia safi, na maji ya kunawa yapitishwe kwa kila mgeni, hata mwenye tai. Spageti nayo ikae pembeni, karibu sana, mgeni mwenzetu. Hatuifukuzi.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Sisi tunaongeza kwamba mkataa chungu cha mama yake hata utumwa wake hautashiba. Tulimwita yule kijana aliyeandika "usiku moja", hatukumpiga wala kumcheka. Tulimtuma kwa nkambo wake. Baada ya wiki alirudi na ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mbaya, makosa mengi. Lakini mstari wa tatu ulisema: siku tatu, na wakati wa baridi, nne. Chini yake aliongeza kwa lugha yake: "Nkambo anasema, ukipata haraka, kula viazi, lakini mihogo usiikimbize."

Tulimpa kumi juu ya kumi.